Mwongozo Kamili wa Kuchaji Simu kwa Usalama na Kutunza Betri Yake

Watu wengi hubadilisha chaja, kisha waya, kisha betri yenyewe, na baada ya miezi michache hujikuta wamerudi pale pale: simu inapata moto ikiwa kwenye chaji, asilimia zinashuka kwa kasi, na wakati mwingine inazimika huku ikionyesha kuwa bado ina chaji ya kutosha. Mara nyingi kosa haliko kwenye simu. Liko kwenye mazoea yaliyorithiwa kutoka enzi za betri za aina nyingine, ambazo watu waliambiwa waziache ziishe kabisa kabla ya kuzichaji, na siku ya kwanza wazilaze kwenye umeme kwa saa nane. Betri ya litiamu iliyomo kwenye simu ya leo inataka karibu kinyume cha hayo. Maadui zake wakubwa ni wawili, yaani joto, na kukaa muda mrefu kwenye kiwango cha juu kabisa au cha chini kabisa cha chaji. Karibu kila hatua iliyomo humu inalenga kuwazuia hao wawili.

## Vitu vya kuandaa

- Chaja ambayo maandishi yake yanasomeka.
- Waya mzima unaolingana na tundu la chaji la simu yako.
- Soketi inayobana plagi vizuri, isiyocheza wala kutoa cheche.
- Kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, pamoja na tochi. Usitumie pini wala sindano.
- Kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.
- Mahali pagumu, pakavu na pasipo na kitu kinachoshika moto kwa urahisi.

Kipimajoto hakihitajiki. Kiganja chako kinatosha.

## Hatua ya 1: Soma maandishi ya chaja kabla ya kuichomeka

Geuza chaja usome maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni au karibu na pini zake. Mstari wa INPUT unaeleza umeme unaoingia. Kwa chaja nyingi husomeka 100–240V, 50/60Hz, maana yake chaja inakubali umeme wa majumbani wa karibu nchi zote bila kuhitaji transfoma ya pembeni.

Mstari wa OUTPUT ndio unaokuhusu zaidi. Tuseme umeandikwa 5V 3A, kisha 9V 2.22A. Zidisha volti kwa ampea upate wati: ya kwanza ni wati 15, ya pili ni karibu wati 20. Hivyo ndivyo viwango viwili vya nguvu ambavyo chaja hiyo inaweza kutoa, na simu ndiyo inayochagua.

Hapa ndipo wengi wanapoogopa jambo lisilo na hatari na kupuuza lenye hatari. Wanadhani chaja ya wati 65 itaiunguza simu inayohitaji wati 18. Chaja nzuri haitaiunguza, kwa sababu huanza na volti 5 na haipandi zaidi ya hapo mpaka iwe imekubaliana na simu kupitia waya, na hata baada ya makubaliano hayo simu huvuta kiasi inachokihitaji tu. Hatari ya kweli iko kwenye chaja bandia, hata kama imeandikwa wati chache. Ndani ya chaja halali kuna transfoma ndogo na nafasi ya wazi inayotenganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti ndogo unaokwenda kwenye simu. Mtengenezaji wa bandia hubana nafasi hiyo ili kupunguza gharama, na siku kizio (kinga inayozuia umeme kupenya) kinaposhindwa, umeme wa ukutani hufika kwenye waya, kwenye simu na kwenye mkono ulioishika.

Itilie shaka chaja ambayo ni nyepesi kupita kiasi ukilinganisha na nyingine za ukubwa wake, isiyo na jina la mtengenezaji, yenye maandishi yaliyokosewa herufi, inayotoa mlio mkali, au yenye harufu ya plastiki iliyoungua. Alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa humaanisha kwamba chaja ina kizio maradufu, lakini alama nayo huigwa, kwa hiyo isikutoshe peke yake.

Ukifanikiwa: utaweza kusema, bila kubahatisha, chaja yako inatoa volti ngapi na wati ngapi, na kama inafikia kiwango ambacho mtengenezaji wa simu ameelekeza.

## Hatua ya 2: Kagua waya na tundu la chaji

Pitisha vidole kwenye waya wote, hasa pale unapoingia kwenye kichwa chake, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Ukiona ganda limepasuka, shaba imechungulia, au kichwa kimebadilika rangi na kuwa cha kahawia, utupe. Kuufunga kwa utepe wa gundi huficha jeraha tu, kwa sababu nyuzi za ndani zilizokatika nusu huzidisha ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, na palipo na ukinzani umeme hugeuka kuwa joto.

Nyaya nazo zina uwezo tofauti. Waya wa kawaida wa USB-C wenye vichwa viwili vinavyofanana hubeba hadi ampea 3. Ule wa ampea 5 huwa na chipu ndogo ya kielektroniki ndani ya kichwa chake inayoitambulisha chaja uwezo huo. Ndiyo maana chaja yenye nguvu nyingi inaweza kuchaji polepole, mtu akailaumu chaja, kumbe waya ndio unaobana.

Sasa angalia tundu. Chomeka waya na usikilize: kichwa kinapaswa kuingia mpaka mwisho na kushika. Kikibaki nje kidogo, kikicheza, au ikibidi uegemeze simu upande mmoja ndipo chaji iingie, usikimbilie kwa fundi bado. Zima simu, mulika ndani ya tundu kwa tochi, na mara nyingi utaona kitu kama zulia dogo la kijivu limeshindiliwa chini kabisa. Hizo ni nyuzi za nguo kutoka mfukoni, na kila unapochomeka waya huwa unazishindilia zaidi. Zikwangue taratibu kwa kijiti cha meno, ukianzia pembeni, bila kugusa ulimi mwembamba ulioko katikati ya tundu la USB-C, kwa kuwa huo ukivunjika hapana njia ya mkato.

Tahadhari: usitumie kitu cha chuma, kwani kinaweza kuunganisha pini mbili na kusababisha shoti. Usipulize kwa mdomo pia, maana pumzi ina unyevu.

Ukifanikiwa: kichwa cha waya kitaingia chote, kitashika, na chaji haitakatika ukiitikisa simu kidogo.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuchajia

Weka simu juu ya meza tupu, vigae au sehemu nyingine ngumu ambayo hewa inapita. Kitandani, chini ya mto, ndani ya begi au juu ya sofa si mahali pa kuchajia. Kitambaa huzuia joto lisitoke, betri inazidi kupata moto, na kama hitilafu itatokea, moto utakuwa tayari umepata cha kula.

Jua la moja kwa moja ni baya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Apple huelekeza kwamba iPhone itumike katika mazingira ya kati ya nyuzijoto 0 na 35 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililofungwa madirisha juani huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Baridi kali nayo ina madhara yake: simu inapochajiwa betri ikiwa chini ya nyuzijoto 0, litiamu hushindwa kuingia mahali pake ndani ya betri na kujikusanya juu kama chuma, na uharibifu huo haurudi nyuma hata simu ikipata joto baadaye. Ikiwa simu imetoka kwenye baridi ya namna hiyo, iache ipate joto la chumbani kwanza.

Bafuni usichaji kabisa. Hili halina mjadala.

## Hatua ya 4: Chomeka na uchomoe kwa utaratibu

Kama uanze na soketi au na simu si jambo la kukuumiza kichwa. La maana ni kwamba mikono iwe mikavu, plagi iingie yote, na wakati wa kuchomoa ushike kichwa badala ya kuvuta waya. Usirundike chaja nyingi kwenye soketi moja ya nyongeza iliyokwisha kubebeshwa pasi au birika la umeme.

Radi zinapopiga, chomoa chaja ukutani. Umeme ukikatika wakati simu iko kwenye chaji, chomoa vilevile, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena, kwa sababu volti zinaweza kuyumba pale umeme unaporejea.

## Hatua ya 5: Gusa simu baada ya robo saa

Uvuguvugu ni wa kawaida, hasa ikiwa simu inatumia chaji ya haraka. Kinachotakiwa kukushtua ni joto linalokufanya uondoe mkono. Likitokea, chomoa, vua kava, funga programu nzito na uiache simu ipoe yenyewe. Usiiweke kwenye jokofu, kwa kuwa ubaridi wa ghafla unaweza kutengeneza matone ya maji ndani yake.

Kucheza michezo mizito au kurekodi video wakati simu inachaji huunganisha vyanzo viwili vya joto, kichakataji na betri, ndani ya kasha moja lisilo na feni. Kupokea simu fupi kwa chaja nzuri hakuna ubaya, lakini kwa chaja ambayo huna imani nayo usiishike simu ikiwa bado imeunganishwa ukutani.

Chaji isiyotumia waya hutoa joto zaidi kwa sababu sehemu ya nishati hupotea njiani. Ukiitumia, hakikisha simu imekaa katikati ya kibao chake, na kusiwe na sarafu, kadi ya benki wala sumaku isiyohusika kati yao. Kama una haraka na hewa ni ya moto, waya ni bora.

## Hatua ya 6: Chaji kwa viwango vya katikati

Hii ndiyo hatua inayoamua betri itaishi miaka mingapi, na ndiyo inayopingwa zaidi.

Betri inapofika asilimia 100, volti ya seli yake huwa kati ya 4.2 na 4.5 kutegemea aina. Katika kiwango hicho kemikali za ndani hushambuliana kwa kasi zaidi, na joto likiongezeka kasi hiyo nayo huongezeka. Betri inapokaribia sifuri, huingia upande mwingine wa hatari. Simu hujizima mapema ili kuilinda, lakini betri iliyoachwa tupu kwa majuma huendelea kushuka polepole, na ikishuka mno, saketi ya ulinzi inaweza kukataa kuichaji tena.

Kwa matumizi ya kila siku, anza kuchaji ikikaribia asilimia 20 au 30, na uchomoe ikifika karibu 80. Si sheria ya kuhesabia dakika. Siku unayosafiri, jaza mpaka 100 bila wasiwasi, kwani kilicho kibaya ni kukaa pale kwa saa nyingi kila siku, huku simu ikiwa na joto.

Wengine hukwepa kuchaji mara mbili kwa siku wakiogopa kumaliza mizunguko ya betri. Hofu hiyo inatokana na kutoelewa mzunguko ni nini. Mzunguko mmoja hukamilika pale unapokuwa umetumia jumla ya asilimia 100, hata kwa vipande: ukitumia 50 leo ukachaji, na 50 kesho ukachaji, umemaliza mzunguko mmoja, si miwili. Apple hueleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 baada ya mizunguko 1000, katika mazingira yanayofaa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 2025 zinadai angalau mizunguko 800 kwa simu janja zinazoingizwa sokoni huko. Kuchaji kidogo kidogo, basi, hakukupunguzii kitu.

Kuna lalamiko jingine linalohusiana na hili: chaji inakimbia mpaka 80 kisha inajikokota. Hiyo si hitilafu. Simu hupunguza umeme kwa makusudi betri inapokaribia kujaa, ili isizidishe volti, na kwa hiyo asilimia 20 za mwisho huchukua muda mrefu kuliko nyingine.

## Hatua ya 7: Iachie simu kazi ya kukumbuka

Hakuna atakayekesha akisubiri asilimia 80. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya betri, na utafute chaguo la kulinda betri au la kuweka ukomo wa chaji. iPhone 15 na zilizofuata, simu nyingi za Samsung na simu za karibuni za Pixel zina ukomo wa asilimia 80. Simu nyingine nyingi zina chaji inayojirekebisha, ambayo hujifunza saa unayoamka, husimama karibu na 80 usiku, kisha humalizia kabla hujaichomoa.

Ukiwasha mojawapo ya hizo, kuchaji usiku kucha kunakubalika, mradi hatua ya 1 na ya 3 umezizingatia. Simu yenyewe huacha kuvuta umeme ikijaa, kwa hiyo hadithi ya betri kulipuka kwa kujaa kupita kiasi haihusu simu nzima yenye chaja nzima.

Usisakinishe programu zinazodai kutibu betri au kuongeza uwezo wake. Hakuna programu inayobadilisha kemia, na nyingi huongeza mzigo kwa kufanya kazi chinichini muda wote.

Ukifanikiwa: asubuhi utaikuta simu kwenye 80, au 100 iliyofikiwa muda mfupi tu uliopita, na mgongo wake ukiwa wa baridi.

## Hatua ya 8: Simu ikilowa, usichaji

Simu nyingi za kisasa hutoa onyo zikihisi unyevu kwenye tundu. Litii hata kama maji yalikuwa matone mawili, kwa sababu umeme ukipita kwenye pini zenye maji huzila, na pini zilizoliwa huonekana baadaye kama madoa ya kijani au meusi. Chomoa waya, igonge simu taratibu kwenye kiganja huku tundu likiangalia chini, kisha iweke mahali pakavu penye hewa. Subiri angalau nusu saa kabla ya kujaribu, na onyo likirudi, iache hadi siku nzima.

Mchele hausaidii. Vumbi na punje zake huingia kwenye tundu, na sasa una matatizo mawili.

## Hatua ya 9: Hifadhi vizuri simu isiyotumika

Ichaji hadi karibu asilimia 50, izime, na uiweke mahali pakavu pasipo na joto kali. Kila baada ya miezi sita irudishe kwenye 50. Utaratibu huu unafaa pia kwa pawabenki, ambayo ni betri ya litiamu kama nyingine na inastahili tahadhari zile zile. Unapopanda ndege, pawabenki hukaa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba idhini ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati iliyomo ndani ya betri), na ile ya mAh 20,000 (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) kwa volti 3.7 ina wati-saa 74.

## Hatua ya 10: Tambua betri iliyofika mwisho

Angalia sehemu ya afya ya betri kwenye mipangilio, kama simu yako inayo. Chini ya asilimia 80 ndipo wengi huanza kuona tofauti. Simu inayozimika ikiwa na asilimia 20 au 30, hasa unapofungua kamera, kwa kawaida ina betri iliyochoka ambayo haiwezi tena kutoa umeme mwingi kwa mpigo.

Uvimbe ni jambo jingine kabisa. Laza simu juu ya meza iliyonyooka, ikilalia mgongo bila kava: ikiyumba wakati zamani ilitulia, kioo kikiinuka kwenye ukingo, au kifuniko cha nyuma kikiachia ufa, betri imejaa gesi. Acha kuchaji papo hapo. Izime, usiibonyeze kuirudisha mahali pake, usiitoboe kwa namna yoyote, na uipeleke kwa fundi mwenye ujuzi ikiwa mbali na vitu vinavyowaka.

Ikianza kufuka moshi au kutoa sauti ya kuzomea ikiwa kwenye chaji, kata umeme kwenye swichi ukutani ikiwa unaweza kuifikia bila kuikaribia simu. Ondoa watu, kwani moshi wake una sumu, kisha waite zimamoto. Maji mengi husaidia kuipoza betri ndogo ya simu, lakini kamwe usiyamwage kabla umeme haujakatwa. Usiifunike kwa blanketi, na usiiguse hata baada ya mwali kuzimika, kwa sababu inaweza kuwaka tena.

Unapoweka betri mpya, linganisha namba ya aina na volti zilizochapwa juu yake na zile za betri ya zamani. Betri yenye ukubwa ule ule lakini inayodai mAh mara mbili ya ile ya awali ni ya kurudishwa. Mwambie fundi asiikunje wakati wa kuibandua gundi, na kabla ya kuondoka ichajie hapo hapo kwa robo saa, uishike mgongoni na uone kama kioo kimekaa sawa pande zote. Betri ya zamani funika miguu yake ya chuma kwa utepe wa gundi, kisha uipeleke panapokusanywa taka za kielektroniki, kwa kuwa ikibanwa kwenye pipa la taka za kawaida inaweza kupata shoti na kuwaka.